Kabla ya kuchongesha usukani mpya wa mashua ya mashindano
Pima umbali wa bawaba pale pale kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya mashua, katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. Usipime kwenye usukani wa zamani, maana pini zilizolika hudanganya. Ila kwanza soma kanuni za aina ya mashua yako: ILCA, kwa mfano, ile mashua ndogo ya tanga iliyoitwa Laser zamani, hairuhusu usukani wa kuchongesha, hata uwe mzuri vipi.

Elewana na fundi ni kiasi gani cha bapa, yaani ubao wa usukani unaozama majini, kitatangulia mbele ya mhimili wa pini. Kikiwa kidogo, kana, yaani mkono wa kugeuzia usukani, inakuwa nzito mkononi. Kikizidi, usukani unataka kujigeuza wenyewe. Ukingo wa nyuma uwe mwembamba na ukatwe mraba, usiviringwe, la sivyo bapa huweza kuvuma mashua ikishika kasi, na sauti ile inakera kweli.