Jinsi ya kupunguza bia wakati baa iko pale pale na marafiki ni wale wale

Nimekunywa miaka 12, kupunguza nimeanza kama miaka miwili iliyopita, kwa hiyo haya nimeyatoa kwenye ile meza ya plastiki yenyewe, na namuandikia mtu ambaye leo hayuko tayari kuacha kabisa ila amechoka na bia nane kila Ijumaa na Jumapili na Jumatano pia.

Kabla ya yote, hili lisikupite. Kama unakunywa kila siku na asubuhi usipopata kitu mikono inatetemeka, jasho linakutoka, moyo unaenda mbio, usiache ghafla peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe nyingi ukikatiwa ghafla unaweza kupata degedege, au ukaanza kuona vitu ambavyo havipo, ndani ya siku 2 au 3 za mwanzo, na watu wanakufa hivyo. Nenda hospitali ukamwambie daktari kiasi chenyewe bila kupunguza, dawa za kukusaidia kushuka taratibu zipo.

Wengine tuanze na kuhesabu. Wiki ya kwanza usipunguze chochote, hesabu tu. Mimi nilikuwa namwambia mhudumu kizibo nipe, naweka mfukoni, asubuhi nikakung'uta suruali pale kitandani vikatoka 11, wakati ningeapa kabisa nimekunywa 6. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni anaangalia, hakusema neno. Tangu siku hiyo sijaamini tena hesabu ya kichwani.

Na ukihesabu hesabu vizuri, maana kuna wanaosema bia nimeacha siku hizi napiga kadogo tu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina kilevi mililita 25. Kichupa cha mililita 200 cha konyagi ya asilimia 35 kina 70. Yani kale kadogo ni karibu bia 3, na kanaisha haraka kuliko hata hiyo bia moja.

Sasa adui mwenyewe, raundi. Mkikaa watu watano, mmoja akasema "leta kama tulivyo", wa pili naye hawezi kukubali aonekane mchoyo, ikizunguka meza nzima umeshapata bia 5 na hakuna hata moja uliyoamua wewe. Dawa yake ni kujitoa kwenye mzunguko kabla haujaanza, ukifika tu mwambie mhudumu bili yangu iwe pembeni, na usinunulie watu maana ukinunua watakurudishia tu. Ofa ikija usibishane, mtu anakutolea kwa upendo, shukuru halafu sema niwekee kaunta nitakuja kuchukua, au omba ibadilishwe iwe supu. Mimi watu walinisema wiki tatu hivi, baadaye wakazoea. Ila mwambie angalau rafiki mmoja wa pale mezani ukweli wote, huyo ndo atakutetea wenzio wakianza "bwana moja tu".

Pia kula kabla hujatoka nyumbani, ugali wako na maharage ushibe, tumbo tupu linapokea pombe haraka sana. Ukifika agiza maji makubwa kwanza yakae mezani, maana nyama choma na ile chumvi yake inaleta kiu, na kiu hiyo ni ya maji, tumezoea tu kuizima kwa bia. Hela beba taslimu ya bia mbili na nauli. Ya kwenye simu ihamishie kwenye akiba kabla hujatoka, kwa sababu bia ya nne ikishaingia hiyo simu inakuwa kama haina namba ya siri.

Siku ambazo hunywi ziwe zimepangwa, angalau 4 kwa wiki, usisubiri uone utakavyojisikia. Kwangu saa mbaya ni kuanzia 12 jioni natoka kazini, nikaanza kushuka kituo cha mbele nisipite pale kona, nikifika naoga nakula hapo hapo. Ile hamu inapanda kweli lakini mara nyingi haimalizi hata nusu saa. Usingizi siku za mwanzo utasumbua, vumilia, unarudi.

Na kuzimua, yani kunywa tena asubuhi ili kutoa uchovu wa pombe ya jana, acha, naomba sana. Bia moja mwili unaimaliza kwa saa 2 na zaidi, kwa hiyo mtu aliyelala saa 6 usiku na bia 8, saa 2 asubuhi akiwa kwenye usukani pombe bado imo mwilini, halafu ndo anaongeza nyingine. Siku ukizidisha andika umekunywa ngapi na ulikuwa na nani, kunywa maji, kula, lala, kesho yake rudi kwenye mpango wako ule ule.

Ukijaribu haya miezi miwili mitatu na bado kila ukianza huwezi kusimama, hapo panataka daktari. Hapa Tanzania, hospitali ya Muhimbili Dar es Salaam wana idara ya magonjwa ya akili, Dodoma kuna hospitali ya akili ya Mirembe, na ukiwa mbali anzia hospitali ya rufaa ya mkoa wako uulize kliniki ya afya ya akili. Nenda asubuhi kabla hujanywa, na kama una daftari la hesabu lipeleke.