Usizime trekta la turbo likiwa bado na moto wa kazi

Kila msimu wa kulima matrekta yenye turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi, huishia gereji, moshi wa bluu ukitoka ekzosi na shafti ya turbo ikicheza. Wenye mali hulaumu oili feki. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi kosa ni la dereva: amefunga mstari wa mwisho wa plau, ameegesha chini ya mti, akazima papo hapo eti anaokoa dizeli.

Pampu huvuta oili chini ya injini, huipitisha kwenye filta na kuisukuma hadi beringi za krenki. Sehemu yake hupanda kwa bomba jembamba hadi kwenye turbo. Humo shafti huelea juu ya utando mwembamba wa oili, na injini ikivuta mzigo shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Oili hiyo hiyo hubeba joto, kisha hushuka kwa uzito wake yenyewe kupitia bomba pana.

Sasa, pampu inaendeshwa na injini. Ukizima, oili inasimama huku shafti ingali inazunguka. Upande wa moshi, ambao kwenye kazi nzito unaweza kupita nyuzi 600, unasukuma joto lake kwenye beringi. Oili iliyobaki humo inaungua na kuganda kuwa masizi magumu, na siku baada ya siku njia inaziba.

Kwa hiyo, ukimaliza plau au trela la mzigo, punguza akseleta hadi mwisho, injini ingurume taratibu dakika 3 hadi 5. Dakika, si sekunde! Tazama saa, usikisie. Dizeli yake haifiki hata nusu lita. Turbo mpya inakula faida ya ekari nyingi. Na ile tabia ya kupiga resi kabla ya kuzima ikome: unaipa turbo kasi, halafu unaikatia oili. Injini ikizimika yenyewe mzigoni, iwashe tena mara moja, kisha ipumzishe vivyo hivyo.

Asubuhi subiri taa ya presha ya oili izimike, kisha dakika 1 zaidi bila resi. Ukibadilisha filta, subiri zaidi, maana filta mpya ni tupu. Fundi akifunga turbo mpya, amimine kwanza oili safi kwenye tundu la kuingilia na kuzungusha shafti kwa mkono. Simama hapo umwone akifanya.

Turbo nzima haitoi moshi wa bluu, na shafti yake huzunguka laini.