Mgonjwa akifia mikononi mwa nesi wako: uanzie wapi

Wiki iliyopita incharji (msimamizi wa wodi) mwenzangu wa upande wa Sengerema alinipigia alfajiri. "Sista, usiku tumempoteza mama aliyetoka kujifungua. Binti, nesi aliyekuwa akimhudumia, amejifungia stoo, haongei." Nilimjibu hivi.

1. Dakika moja ya kimya, kabla hamjatoa mipira ya matibabu mwilini wala kufunika mwili. Utaratibu huu ulianzishwa na Jonathan Bartels, nesi wa Virginia, Marekani. Mmoja wenu aseme kwamba huyu alikuwa mtoto wa watu, kisha mnyamaze. Msiombe kwa sauti, wodi zetu zina watu wa kila dini. Kumwandaa marehemu mnakujua.

2. Mtoe huyo nesi wodini nusu saa, wagonjwa wake ashike mwingine. Chai ya moto, sukari ya kutosha. Ndugu wa marehemu asiwakabili peke yake.

3. Usimhoji. Hapa ndipo mimi niliharibu. Miaka ya nyuma, baada ya kifo kama hicho, niliwakusanya wote ofisini kabla hawajatoka shifti, kila mtu asimulie mwanzo hadi mwisho ili "atoe dukuduku". Tulikaa saa mbili. Mdogo kuliko wote alipofika kwenye presha, mwenzake akamkatiza: "Hiyo ya saa nane uliipima kweli?" Tulikuja kufarijiana, tukageuka mahakama. Binti yule alininunia miezi.

Baadaye nikajua kwamba hata bila swali lile nilikosea. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1997, kwa watu walioungua moto, ulikuta waliosimulishwa mapema kwa kikao kimoja wako na hali mbaya zaidi miezi 13 baadaye kuliko walioachwa. Shirika la Afya Duniani nalo halishauri kikao cha namna hiyo.

Kwa hiyo siku hiyo sema machache: "Mdogo wangu, nipo. Ukitaka kuongea nasikiliza, usipotaka tukae tu." Usitangulie na "ni kazi ya Mungu" kabla hajaisema mwenyewe, na "utazoea" usiitamke kabisa. Asipolia usimshangae, wengine hulia wakishafika nyumbani. Faili alijaze, hilo haliepukiki. Ila nani alifanya nini na saa ngapi, hayo yasubiri kikao cha kupitia kifo. Mwambie mapema kwamba kikao hicho kipo, asije akashtukizwa.

Na tafadhali, si kwenye grupu la WhatsApp. Zitaanza pole ishirini, ya ishirini na moja itauliza "kwani ilikuwaje?" Mpigie, au mfuate.

4. Asubuhi asipande bodaboda peke yake kurudi nyumbani. Changeni nauli, mtu amsindikize.

5. Mtafute tena siku ya tatu, na tena baada ya wiki mbili. Mimi naandika kwenye daftari la mfukoni. Simu hunikumbusha nikiwa na glavu mkononi. Usimhamishe wodi bila kumuuliza, ataona ni adhabu. Wiki mbili zikipita na bado halali, au anakwepa kushika wagonjwa, hospitali ya Bugando, Mwanza, wana huduma ya afya ya akili. Kama ndiko anakofanya kazi, muulize kwanza kama angependa kwingine, maana wengi wanaogopa kukutwa kwenye benchi na wagonjwa wao. Mmoja nilimsindikiza nikiwa nimevaa kiraia, tukakaa wote kwenye foleni. Waliopita walidhani mgonjwa ni mimi.