SOMO: Imeli zinaingia lakini hazitoki. Pitia hatua hizi kabla ya kuniandikia

Ndugu zangu, naandika somo hili mara moja ili kila atakayeuliza nimwelekeze hapa. Swali ni lilelile, kutoka mitaa yetu ya Lubumbashi, Katuba, Ruashi, Kamalondo, hadi kwa ndugu wa Goma na Bukavu: "Napokea imeli vizuri, ila nikituma zinakwama." Mtu anafuta akaunti, anaweka Windows upya, analipa fundi, na barua bado zimelala ndani ya "Boîte d'envoi" (sanduku la barua zinazosubiri kutoka). Wapo waliokosa kazi kwa sababu dosiye haikufika kabla ya siku ya mwisho. Hilo linaniuma, maana dawa yake mara nyingi ni ya dakika chache.

Jambo la kushika kwanza: kupokea na kutuma ni kazi mbili. Barua huingia kwa njia ya IMAP (barua hubaki kwenye seva) au POP3 (barua hushushwa kwenye kompyuta yako), na hutoka kwa njia ya SMTP. Seva ni kompyuta ya kampuni inayohudumia barua, na mlango ni namba ambayo programu hupitia kuifikia. Seva ni nyingine, mlango ni mwingine, na nenosiri limehifadhiwa kwenye kompyuta mara mbili. Kwa hiyo ukiniambia "lakini napokea", bado hujaniambia lolote kuhusu upande wa kutoka.

Nawaandikia wanaotumia Thunderbird au Outlook nyumbani. Majina ya menyu nayaacha kwa Kifaransa kwa kuwa ndivyo yanavyoonekana kwenye mashine zetu nyingi.

HATUA YA 1. Soma kosa, liandike kwenye karatasi lilivyo, pamoja na namba.
Usibonyeze OK haraka. Namba ndiyo inayosema uende wapi:
535 – jina au nenosiri limekataliwa. Ruka hadi hatua ya 6.
530 – seva inataka ujitambulishe kwanza, au inataka njia iliyofungwa kwa usimbaji. Hatua ya 5.
552 – barua ni nzito. Hatua ya 7.
550 – mara nyingi anwani ya unayemwandikia haipo, au seva yake imekukataa. Hakiki herufi za anwani moja moja.
421 – seva inasema rudi baadaye. Subiri, usibonyeze "Envoyer" mfululizo.
Hakuna namba, inasema tu muda umepita au seva haipatikani – ni mtandao au mlango. Hatua ya 3 na ya 5.

HATUA YA 2. Hakikisha "Travailler hors connexion" (kufanya kazi bila mtandao) haijawashwa.

HATUA YA 3. Fungua kivinjari, ingia kwenye imeli hiyohiyo, ujitumie barua. Ikikwama hata huko, basi tatizo liko kwenye mtandao au kwenye akaunti, na hakuna haja ya kugusa Thunderbird. Angalia pia mega zako (kifurushi cha intaneti): ukinunua zile za WhatsApp na Facebook pekee, imeli haitapita kwa njia yoyote.

HATUA YA 4. Saa na tarehe.
Umeme unapokatika na betri ndogo ya ndani ya kompyuta imekufa, mashine huamka ikidhani iko mwaka wa zamani. Vyeti vya usalama vya seva vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kompyuta inaviona si halali na inakataa kuunganika. Hapa mara nyingi na kupokea kunakwama pia, na kivinjari kinalalamika. Weka tarehe sawa.
Halafu angalia ukanda wa saa. Sisi wa Lubumbashi, Goma na Bukavu tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Kwenye Windows chagua (UTC+02:00) Harare, Pretoria. Aliyeacha ukanda wa Kinshasa kisha akasogeza saa kwa mkono, barua zake zinaondoka na muhuri wa saa moja mbele. Zitatoka, lakini barua ya kazi yenye saa isiyo yake inaleta maswali ambayo huyahitaji.

HATUA YA 5. Seva, mlango na usalama wa upande wa kutoka.
Thunderbird: "Paramètres des comptes", shuka hadi chini kabisa, "Serveur sortant (SMTP)". SSL/TLS na STARTTLS ni namna mbili za kufunga njia kwa usimbaji. Gmail: smtp.gmail.com, mlango 465 pamoja na SSL/TLS, au 587 pamoja na STARTTLS. Yahoo: smtp.mail.yahoo.com, 465 na SSL/TLS. Outlook.com na Hotmail: smtp-mail.outlook.com, 587 na STARTTLS. Usichanganye: 465 na STARTTLS haviendi pamoja, programu itasubiri mpaka ichoke. Ukikuta 25, iondoe.
Kwenye Outlook ya zamani, weka alama kwenye "Mon serveur sortant (SMTP) requiert une authentification". Bila alama hiyo utapata 530 hata kama mengine yote ni sawa.

HATUA YA 6. Nenosiri. Tafadhali soma yote.
Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na ndipo wanapoharibu zaidi. Mtu amebadilisha nenosiri kwenye simu. Akirudi kwenye kompyuta, programu inamwomba nenosiri jipya, analiandika, barua zinaanza kuingia, anaridhika. Lakini lile aliloandika limehifadhiwa kwa upande wa kupokea tu. Upande wa kutuma bado unapeleka nenosiri la zamani, na seva inajibu 535 kila mara. Kwenye Thunderbird ingia "Paramètres", kisha "Vie privée et sécurité", kisha "Mots de passe enregistrés". Utaona mistari miwili ya akaunti moja: mmoja unaanza na imap:// (au mailbox:// kwa wenye POP3) na mwingine smtp://. Futa wa smtp peke yake, funga programu, ifungue, jaribu kutuma. Itakuuliza nenosiri upya.

Wenye Gmail: tangu tarehe 30 Mei 2022 Google haikubali tena nenosiri la kawaida ndani ya programu kama hizi kwa akaunti za watu binafsi. Njia ni mbili. Ya kwanza, na ndiyo nzuri: kwenye "Méthode d'authentification" chagua OAuth2 (unaingia kwenye ukurasa wa Google wenyewe, programu haishiki nenosiri lako), dirisha la Google litafunguka, ingia humo. Lisipofunguka, ruhusu vidakuzi kwenye mipangilio ya Thunderbird. Ya pili, kwa programu isiyojua OAuth2: washa "Validation en deux étapes" (uthibitisho wa hatua mbili) kwenye akaunti yako ya Google, kisha tengeneza "mot de passe d'application" (nenosiri la programu moja). Ni herufi 16, zinaonyeshwa mara moja tu, uziandike bila nafasi. Na ukibadilisha nenosiri kuu la Google, lile la herufi 16 linakufa hapohapo, utengeneze jingine.

Wenye Hotmail na Outlook.com: tangu tarehe 16 Septemba 2024 Microsoft nayo imefunga njia ya nenosiri la kawaida. Tumia OAuth2. Outlook ya 2010 haiijui njia hiyo, hata ukihangaika usiku kucha.

Maonyo matatu. Usijaribu manenosiri kwa kubahatisha, akaunti inaweza kufungiwa kwa muda. Usimpe mtu nenosiri lako, hata mimi. Na USIFUTE AKAUNTI ili uiweke upya kabla hujajua kama ni IMAP au POP3. Ikiwa ni POP3 na hakuna nakala iliyobaki kwenye seva, barua zako za miaka yote ziko ndani ya kompyuta hiyo pekee. Thunderbird wakati wa kufuta inauliza kama ifute na ujumbe; watu wanaweka alama bila kusoma, na barua hazirudi.

HATUA YA 7. Uzito.
Gmail inakubali hadi MB 25, lakini kiambatisho kinaongezeka njiani: kila baiti 3 zinageuzwa kuwa herufi 4 ili zipite kama maandishi. Faili la MB 20 linafika MB 27 hivi. Baki chini ya MB 18. Barua nzito iliyokwama mbele inaweza kuzuia nyepesi zilizo nyuma yake. Kwenye Outlook washa kwanza "Travailler hors connexion", iondoe kwenye "Boîte d'envoi", kisha rudi hewani.

HATUA YA 8. Antivirusi. Nyingi hujiweka katikati ya programu yako na seva ili kukagua barua. Zima ukaguzi wa imeli peke yake, jaribu. Usizime antivirusi nzima na kuisahau hivyo.

Ikishindikana baada ya yote haya, niandikie: programu gani, imeli ya nani, kosa neno kwa neno.

MASWALI (kila muulizaji namtaja kwa mtaa au mji wake)

Kampemba: Mzee jambo. Imeli yangu haitoki. Nifanye je?
Jibu: Hatua ya 1. Namba gani?

Kampemba: Sikuona namba, nilifunga.
Jibu: Tuma tena, itarudi. Iandike.

Ruashi: Jambo mzee. Mbona tusiingie tu kwenye Gmail ya simu, hii yote ya nini?
Jibu: Kama simu inakutosha, endelea nayo, ni vizuri. Wapo wahasibu, wanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) na akina mama wenye duka ambao proforma na dosiye zao ziko kwenye kompyuta. Programu inawawekea barua ambazo wanaweza kuzisoma hata bila mega. Somo ni lao.

Katuba: Ni 535. Nenosiri langu ni hili hapa, jaribu wewe mwenyewe mzee.
Jibu: Nimeliondoa. Libadilishe sasa hivi, kabla ya kitu kingine chochote, maana kuna waliolisoma. Kisha hatua ya 6, aya ya kwanza.

Goma: Jambo sana papa. Mimi nilikuta 25, nikaweka 587, imetoka. Aksanti. Lakini napenda kuelewa: kwa nini 25 iko inakataa, na seva za dunia bado zinaitumia?
Jibu: Swali zuri, mwanangu. SMTP iliandikwa 1982, wakati mtandao ulikuwa wa watu wachache waliojuana. Mlango 25 haukuuliza nenosiri. Yeyote aliweza kuleta barua kwa jina la yeyote. Taka zilipozidi, mnamo 1998 ukatengwa mlango 587 kwa ajili ya mtu anayekabidhi barua yake kwa seva, na huko anaombwa kujitambulisha. Ule wa 25 ukabaki wa seva kuzungumza na seva. Kampuni nyingi za intaneti zinaufunga kwa wateja wa nyumbani, kwa sababu ukiachwa wazi, kompyuta yenye virusi inamwaga taka bila mwenyewe kujua.
Ukitaka kuona kwa macho yako, fungua PowerShell (dirisha la kuandika amri la Windows) uandike: Test-NetConnection smtp.gmail.com -Port 587. Ikijibu TcpTestSucceeded : True, mlango uko wazi na kosa litafute kwingine. Ikijibu False, jaribu 465. Kisha badilisha mtandao, kwa mfano pitia simu ya jirani, urudie. Ukipata True huko, umejua ni mtandao wako.

Goma: Nimefanya. 25 False, 587 True. Sasa nimeelewa.
Jibu: Vizuri sana. Wafundishe na wenzako wa hapo.

Bukavu: Mzee, sisi ni chama kidogo, tuna anwani yenye jina letu wenyewe. Barua zinatoka, lakini kwa wenye Gmail zinarudi na 550-5.7.26. Kwa Yahoo zinaingia kwenye taka.
Jibu: Aksanti kwa kuandika namba kamili. Kompyuta yenu haina kosa. Tangu Februari 2024 Google inataka kila jina la mtandao lithibitishe barua zake kwa SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina hilo) au DKIM (sahihi ya kidijitali ndani ya barua). Mwenye kusimamia jina lenu aingie sehemu ya DNS (daftari la mipangilio ya jina hilo), atafute rekodi ya TXT inayoanza na v=spf1. Kama haipo, kampuni inayotunza imeli yenu itawapa mstari wa kuweka. Kama ziko mbili, ndilo kosa: iwe moja tu, yaliyomo yaunganishwe. Msiweke namba ya IP ya nyumbani, inabadilika. Muombe na DKIM iwashwe, kwa sababu SPF peke yake inavunjika barua ikipitishwa kwa mtu mwingine. Subirini saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima, ndipo mjaribu.

Kamalondo: Yangu inasema haijatumwa, lakini mwalimu wangu anasema amepata TFC yangu (kazi ya kumaliza masomo) mara nne na amekasirika.
Jibu: Soma tena maneno ya kosa. Naamini linasema barua imetumwa ila nakala haikuweza kuwekwa kwenye "Envoyés" (barua zilizotumwa). Mtandao ulikatika baada ya barua kuondoka. Ukiona hivyo usitume tena. Mpigie simu mwalimu umuulize. Muombe radhi na umweleze, ataelewa.

Kamalondo: Ndiyo, ndivyo ilivyosema. Na TFC ilikuwa MB 17 kwa sababu niliiskani.
Jibu: Skani kurasa za maandishi kwa kijivu, dpi (kipimo cha ukali wa picha) 150 inatosha kusomeka. Rangi na dpi 600 ziache kwa picha. Sura ulizoandika mwenyewe kwenye Word usiziskani kabisa, zihifadhi kama PDF moja kwa moja.

Bukavu: Mimi niko na Windows 7, nimetafuta Thunderbird mpya inakataa kuingia.
Jibu: Kwa Windows 7 ya mwisho ni Thunderbird 115. Itafanya kazi na OAuth2, lakini Windows hiyo haipati tena marekebisho ya usalama. Usiweke mambo ya benki humo.

Ruashi: Mzee, nimesoma yote sasa. Yangu ni saa, kila SNEL (kampuni ya umeme) ikikata inarudi 2009. Hiyo betri ninaibadilisha mwenyewe?
Jibu: Unaweza. Kwenye kompyuta ya mezani ni CR2032, ile ya duara. Chomoa waya wa umeme kwanza, bonyeza kitufe cha kuwasha ili kilichobaki kiishe, sukuma kibanio kidogo cha pembeni, itaruka. Weka mpya, upande wenye + ukitazama juu. Ukiwasha inaweza kukuomba ubonyeze F1. Ingia uweke tarehe na saa, hifadhi, kisha rudi hatua ya 4 uhakiki ukanda. Kama ni laptopu, betri hiyo mara nyingi ina waya na plagi yake, usiing'oe kwa nguvu. Nitumie picha kwanza.