Ukienda Wajir au Baringo, neti ya mbu pekee haitoshi

Nyinyi mnaotoka hapa Mombasa kwenda kazi bara, madereva, mataniboi, mafundi wa ujenzi, someni hii. Mdogo wangu hupeleka mzigo Wajir na safari ya kwanza alibeba neti kuukuu ya nyumbani Kisauni, ishafuliwa na jiki sijui mara ngapi, akaona neti ni neti tu. Sivyo jamani.

Huku kwetu tunahangaika na mbu wa malaria. Kule kuna usubi, kadudu ka milimita 2 au 3, rangi ya mchanga, hana mlio kabisa kwa hivo hujui yupo mpaka ashakuuma. Huyo ndo analeta kala-azar, bandama linafura, mtu anakonda, damu inapungua, na asipotibiwa karibu kila mtu hufa.

Matundu ya neti ya kawaida yamepimwa kwa mbu, usubi anapenya tu. Kinachomzuia ni tundu dogo zaidi ama dawa, so tafuta neti iliyotiwa dawa kiwandani, na ukipata yenye dawa na tundu dogo pia hiyo ndo bora, ila hewa haipiti vizuri, utatoka jasho, vumilia usiifunue usiku. Ikiwa mpya itundike kivulini siku nzima kabla hujailalia. Ukifua tumia maji baridi na sabuni ya kawaida, anika kivulini, jiki hapana, jua kali hapana, vyote vinamaliza dawa. Neti hizo hutengenezwa zihimili kufuliwa kama mara 20 ama miaka 3 hivi, ukiifua kila wiki hesabu mwenyewe.

Kulala sasa. Mchana usubi hujificha kwa vichuguu na nyufa za kuta za udongo, kwa hivo usitandike karibu na kichuguu hata kama kivuli chake kitamu. Haruki vizuri, anadundadunda karibu na ardhi, basi ukipata kitanda usilale chini, na kama kuna feni washa, upepo unamshinda. Chomeka neti chini ya godoro ama mkeka pande zote, ilegeze isigusane na mwili maana atakuumia hapohapo kwa nje, tundu likitokea shona, uzi wowote.

Shida kubwa naona ni ile kukaa nje na chai mpaka saa nne. Usubi anatoka magharibi hadi alfajiri, neti haikusaidii kama hujaingia, basi vaa mikono mirefu, suruali, soksi, na ujipake dawa ya kufukuza wadudu.

Na ukirudi, homa ikipita wiki mbili na kipimo cha malaria hakioni kitu, tumbo limejaa upande wa kushoto, mwambie daktari ulilala Wajir, hata kama ni miezi minne imepita, kwa sababu hapa Mombasa hilo halitamjia akilini haraka.