Siku ya kwanza saiti Qatar: sikiliza kabla ya kusaini

Ukifika Qatar kwa kazi ya ujenzi, hutaanza kwa kushika koleo. Kwanza mtaketishwa kwenye kontena pamoja na Wanepali, Wahindi na Wabangladeshi, afisa usalama aeleze sheria za saiti, kisha karatasi ya mahudhurio izungushwe. Sahihi yako pale ndiyo ushahidi wa mwajiri kwamba ulifundishwa. Kama mafunzo yameendeshwa kwa Kihindi au Kiingereza cha mbio, nyoosha mkono uombe Mkenya au Mganda mwenyeji akutafsirie. Wengi wetu huona haya, wakasaini hivyo hivyo.

Helmeti, buti, glavu na mkanda wa kupandia juu ni gharama ya mwajiri. Kifungu cha 100 cha sheria ya kazi ya 2004 kinamkataza kukukata mshahara kwa ajili ya kinga. Jukwaa la kufanyia kazi juu likiwa na kibao chekundu, yaani si salama, usilipande, hata foromani afoke vipi. Ukivaa mkanda, kulabu yake ishikize mahali imara. Wako wanaouvaa ili waonekane tu.

Pa kutega sikio zaidi ni kwenye joto. Kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, kazi za juani zimepigwa marufuku kati ya saa 4:00 asubuhi na saa 9:30 alasiri. Tena tangu 2021, saa yoyote ile, kazi husimama kipimo cha WBGT kikizidi nyuzi 32.1. Usikilinganishe na nyuzi za kwenye simu: hiki hujumlisha joto, unyevunyevu, jua na upepo. Uliza kifaa kiko wapi na nani hukisoma. Ukiona joto linakuhatarisha, kanuni hizo hizo zinakuruhusu kuacha kazi na kulalamika Wizara ya Kazi.

Sisi wa Mombasa na Dar ndio hujidanganya kwamba joto tumelizoea. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea kazi nzito kwenye joto la Ghuba, na siku za mwanzo ndizo mbaya. Kunywa maji kidogo kidogo kila robo saa, usingoje kiu. Mkojo ukigeuka kama chai ya rangi, umechelewa. Kichwa kikiuma au misuli ikikaza, ingia kivulini na useme. Mwenzako akianza kuongea ovyo na kuyumba, piga 999 papo hapo, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea mpaka ambulensi ifike. Kama hajitambui, usimnyweshe kitu.