Maharage matano yanatosha wiki nzima

Kama unawafundisha watoto wadogo nyumbani, usijichoshe kuandaa somo jipya kila siku. Chagua kitu kimoja kinachobadilika, mkifuatilie wiki nzima. Mimi napenda maharage.

Jumapili jioni loweka punje tano. Jumatatu mpe mtoto punje kavu na iliyolowa, azishike, aseme ipi imevimba na kwa nini (asizitie mdomoni). Kisha zipachikeni kati ya glasi na pamba yenye unyevu, zionekane kwa nje. Kuhesabu, kuchora na kuandika siku za wiki vinapatikana hapo hapo.

Mzizi mara nyingi huchomoza baada ya siku mbili au tatu. Ukirefuka kidogo, laza glasi ubavu. Usieleze chochote, muulize tu: mzizi utaelekea wapi sasa? Achore jibu lake. Kesho yake au keshokutwa atakuta ncha imepinda kuelekea chini, na maswali yataanza kumiminika. Yafuate hayo, ratiba isubiri. Asiyejua rula apime mzizi kwa uzi, akate kipande kila asubuhi na kuvibandika sambamba kwenye karatasi. Hiyo tayari ni grafu, na kaitengeneza mwenyewe.

Kila kipindi kiwe cha dakika 15 hadi 20. Pamba isijae maji, mbegu zitaoza. Na punje isiyoota msiitupe kimyakimya. Ipasueni pamoja mtazame ndani.